Chaki ya Kiwandani, Meza ya Mitumba

Juzi binti wa dada yangu alinijia na swali. Anataka kuacha kazi ya ofisini afungue biashara yake, na amesoma mahali kwamba mfanyabiashara ana sifa zake: mthubutu, mchangamfu, hachoki, hakubali kushindwa. Akanitajia zote huku akikunja vidole, kisha akauliza, "Mama mdogo, wewe ulijuaje kama unazo?"

Nilicheka mpaka nikalazimika kuweka kikombe cha chai chini. Mimi nijue? Kama ningepimwa kwa sifa hizo ningeambiwa nirudi nyumbani nikapike. Mimi ni mwoga, sipendi makelele, na kuchoka nachoka sana tu. Kilichoniingiza kwenye biashara ni tabia moja ambayo marehemu mama alijaribu kuniondolea kwa makofi ikashindikana: siwezi kuona kosa nikanyamaza. Shuka likitandikwa upande, mimi ndiye wa kwanza kusema. Mpishi wa msibani akizidisha chumvi, wenzangu wanameza, mimi nauliza nani kaonja.

Kiwandani ndiko tabia hiyo ilikopata mshahara. Mwanza ilikuwa na kiwanda kikubwa cha nguo, na king'ora chake cha asubuhi kilitufikia hata sisi tuliokaa juu kwenye mawe ya mtaa wa Mkuyuni. Mimi nilikuwa chumba cha ukaguzi. Kitambaa kilipita mbele yangu juu ya meza ya kioo iliyowashwa taa kwa chini, nami nikitafuta uzi uliokatika, doa la mafuta ya mashine, au mahali nyuzi mbili zilipopita njia ya mmoja. Nikiona kosa nalizungushia mduara wa chaki, kitambaa kinaendelea na safari. Kwenye benchi lililofuata walikaa wafumaji, wanawake wenye sindano, ambao kazi yao ilikuwa kuutafuta mduara wangu na kulijaza lile kosa uzi kwa uzi mpaka lisionekane. Mimi mwenyewe nilianzia kwenye benchi hilo. Siku niliyopandishwa cheo nikakabidhiwa chaki na koti jeupe, niliiaga sindano kama mtu anayeagana na shida.

Nyumbani aliyekiona cha mtema kuni alikuwa mume wangu, ambaye naye alifanya kazi kiwanda hichohicho, idara ya kusokota nyuzi. Ni mtu wa Magu, mpole, wa maneno machache, na alikuwa na koti moja la kijivu alilolivaa siku ya harusi yetu. Panya wa Mkuyuni hawaheshimu ndoa ya mtu. Walilitoboa kifuani, juu kidogo ya mfuko. Nikamwambia alipeleke kwa fundi cherehani litiwe kiraka. Akasema bora tundu kuliko kiraka, kwa sababu tundu watu watajua ni panya, lakini kiraka watajua ni umaskini. Siku moja nilichukia, nikalizungushia lile tundu mduara wa chaki na kulitundika koti mlangoni alione akirudi. Aliliona. Akalikunja pamoja na mduara wake, akalirudisha sandukuni, akaomba ugali.

Kisha zikaja enzi za ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara. Vitu vilivyokuwa vya kunong'onezana vikapangwa mchana kweupe kando ya barabara. Nguo za kutoka nje zikamiminika, mpya na mitumba, na kitambaa chetu kikaanza kurundikana ghalani. Mashine ikizimwa kwa matengenezo, haiwashwi tena. Mwishowe majina ya wanaopunguzwa kazini yakasomwa, na yetu sote wawili yalikuwamo.

Kabla ya kutuaga walitukusanya kwenye ukumbi wa chakula tusikilize semina. Mtoa mada alikuwa kijana wa kutoka Dar es Salaam, mstaarabu, shati limenyooka, akatuandikia ubaoni neno ambalo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuliona: mjasiriamali. Alipolieleza, wazee waliokaa nyuma waliguna. Watu wa aina hiyo, miaka michache tu nyuma, tuliwajua kwa jina la walanguzi, na mgambo waliwakimbiza mpaka kwenye vichochoro vya Mirongo. Sasa tulikuwa tunaombwa tuwe wao.

Yule kijana akatuambia tujipime. Nani kati yetu aliwahi kuuza kitu utotoni? Nani anaweza kumwuzia mtu kitu ambacho hakutoka nyumbani kukinunua? Nani akipata wazo hawezi kulala? Mikono ilinyooka hapa na pale. Wangu ulibaki mapajani kwa kila swali. Utotoni nilitumwa kuuza maembe nikarudi nayo yote, kwa sababu nilimwambia kila mteja lipi lina funza. Na mimi nikipata wazo, nalala usingizi wa pono. Sikumchukia yule kijana. Alituongelesha kwa heshima siku ambayo wengine hawakutaka hata kututazama usoni, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Lakini nilitoka mle ukumbini nikiwa na hakika kwamba mimi simo.

Mume wangu alipata kibarua kwenye kimojawapo cha viwanda vya minofu ya sangara vilivyokuwa vikifunguliwa pwani ya ziwa. Alibeba barafu. Alirudi jioni mikono imekufa ganzi, ananuka samaki, hana hata hamu ya kuongea. Haikupita muda akasema tuhamie kwao, Magu. Mzee wake ana shamba la pamba na ng'ombe, tutakula, tutalala, hatutadharauliwa na mtu. Hakuwa na makosa. Lakini binti yetu mkubwa alikuwa darasa la sita, mwalimu wake alikuwa amenifuata mpaka nyumbani kuniambia nimwangalie sana huyu mtoto, na nilijua kule kijijini, kila pamba ikianza kupasuka, madawati yanabaki matupu. Nilimwomba mume wangu anipe mpaka shule zifungwe mwisho wa mwaka. Kiinua mgongo changu nikiingize kwenye biashara, chake tukiweke. Ikishindikana, tunafunga mizigo, na sitanung'unika njia nzima.

"Usiponung'unika hata mpaka Buzuruga hapo, kabla hatujautoka mji," akasema, "nitajua unaumwa."

Basi nikaenda kununua belo la mitumba. Mwenye duka la jumla alikuwa mzee wa Kihindi ambaye familia yake ilikuwa mjini tangu kabla yetu sote, na alizungumza Kisukuma vizuri kuliko watoto wangu. Belo linanunuliwa likiwa limefungwa. Hupimi, huchungulii, hukati utepe wake hata mmoja mpaka liwe lako. Kwa mtu aliyekula miaka yake akikagua kila kitambaa, kununua kitu bila kukiona kulinitoa jasho. Yule mzee alinitazama nikilizunguka belo kwa mara nyingine tena, akasema kwa upole, "Mama, bahati yako iko ndani. Kutoka nje huwezi kuiona."

Tulilifungua nyumbani Jumamosi mchana, watoto wote wamekaa chini kama wanaosubiri pilau. Suruali za kiume, sketi za sufu, makoti machache, mashati. Vitambaa vizuri, tena vizuri hasa, vya watu wa nchi za baridi. Lakini karibu kila kimoja kilikuwa na lake: goti lililochanika, kwapa lililoachia, tundu la nondo, mchomo wa sigara. Mkono wangu haukuniuliza. Uliingia mfukoni ukatoa kipande cha chaki nilichotoka nacho kiwandani, nikaanza. Nilikagua belo lile lote kwa usahihi ambao msimamizi wangu wa zamani angenipigia makofi, na Jumatatu nikalipeleka sokoni.

Hebu fikiria meza hiyo. Soko la mitumba lilikuwa jirani na mto Mirongo, meza zimebanana, kila muuzaji anaimba sifa za nguo zake. Mimi nimetundika suruali na makoti yenye miduara myeupe, kila mduara umelizunguka tundu lake, unaonekana tangu ng'ambo ya njia. Watu walisimama. Nikadhani ni wateja. Walikuwa wanacheka. Kijana mmoja akawaita wenzake waje waone duka la vilema. Mama mmoja akaniuliza kwa huruma ya kweli kama nimelazimishwa na serikali.

Ningeweza kuifuta ile miduara. Nilijaribu kwenye sketi moja. Lakini akija mteja, anaigeuza sketi, anakaribia kabisa kukubali, mdomo wangu unasema, "Angalia hapo nyuma, kuna tundu." Naye anaiweka chini. Siku zikaenda hivyo. Nilirudi nyumbani na nguo zilezile, na mume wangu, Mungu ambariki, hakuniuliza chochote. Aliuliza tu kama miguu inauma kwa kusimama kutwa.

Meza ya jirani yangu ilikuwa ya mama mmoja wa Kihaya, mkubwa kwangu, mnene, mwenye sauti iliyofika stendi. Yeye aliuza kila siku na kila siku alimaliza. Mwanzoni alinivumilia, akanigawia na ndizi zake za mchana. Kisha wateja wake wakaanza kuwa na tabia mpya. Walikuwa wanapita kwangu, wanaiona miduara, halafu wakifika kwake wanageuza nguo ndani nje, wananyanyua kwapa, wanauliza hapa vipi. Siku moja mteja aliiacha suruali aliyokwisha kuikunja mkononi. Yule mama akatupa mikono juu.

"Mdogo wangu, wewe ulikuja kuuza au kututangazia vilema?"

"Dada, mimi sijamwambia kitu huyo."

"Humwambii! Meza yako ndiyo inayomwambia! Sokoni hapa hakuna nguo nzima, zingekuwa nzima wazungu wangezivaa wenyewe. Wewe siyo muuzaji. Toka hapa mbele yangu, hamisha meza yako, nenda kafanye kitu kingine kabla hujatuua wote."

Soko zima lilisikia. Nilikaa chini ya meza yangu, nyuma ya makoti, nikalia. Nililia kwa sababu alikuwa amesema kwa sauti kile nilichokijua tangu ule ukumbi wa chakula: mimi simo. Nilimwona akilini binti yangu na madaftari yake juu ya lori la pamba. Sina kumbukumbu nyingine ya uchungu kama ule, na nimezika wazazi wote wawili.

Mvua ikanyesha kubwa, wateja wakakimbia. Yule mama hakuwa na pa kwenda, turubai lake lilikuwa linavuja. Akaja kukaa chini ya langu. Tulikaa tumenuniana, mto unapanda. Nadhani ni ukimya uliomshinda, kwa sababu hakuwa mtu wa ukimya. Akaushika mduara mmoja kwenye koti lililoning'inia mbele ya pua yake.

"Hii michoro," akasema, "ndivyo mlivyokuwa mnafanya kule kiwandani?"

"Ndiyo, dada."

"Ukishachora, nani anafuata?"

"Wafumaji. Wanakaa benchi la pili."

"Wanafanya nini?"

Nikamweleza. Unachomoa uzi mahali ambapo hapaonekani, kwenye upindo au ndani ya mshono, unautia kwenye sindano ndefu, unaupitisha juu na chini kufuata njia ya kitambaa chenyewe, mpaka tundu linajaa. Siyo kiraka. Ni kitambaa kilekile kimerudi.

"Na wewe hujui kuifanya hiyo?"

"Najua. Nilianzia huko, kabla sijapandishwa."

Mvua ilikuwa inapiga turubai mpaka ikabidi anisogelee sikioni.

"Sasa mwenzangu, hapa sokoni unamngoja nani aje kukaa hilo benchi la pili?"

Nilihisi joto usoni kama nimefungua mfuniko wa sufuria. Muda wote ule nilikuwa nachora miduara kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Na sindano niliyoiaga kwa majivuno ilikuwa nyumbani, imechomekwa kwenye kalenda ukutani.

Nilianza na suruali ya sufu ya rangi ya kahawia, tundu la goti. Niliifuma nikiwa nimekaa nje kwenye jiwe letu kubwa, penye mwanga, ziwa likionekana chini na watoto wakinizuia jua bila kujua. Vidole vilikuwa vimesahau kidogo, macho hayakuwa yamesahau kitu. Asubuhi yake niliitundika bila kuufuta mduara. Akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye alikuwa ameitamani kabla na kuiacha. Akauona mduara, akasogeza uso, akapitisha kidole, akaigeuza ndani, akairudisha nje.

"Mama, kosa liko wapi?"

"Lilikuwa hapo."

"Hapo wapi?"

"Ndani ya mduara."

Ndani ya mduara hapakuwa na kitu. Akacheka peke yake, akaivaa juu ya suruali aliyokuwa nayo, akalipa, akaondoka nayo na chaki yake gotini. Nadhani hakutaka ifutike kabla hajawaonyesha wenzake.

Baada ya hapo mdomo wangu ukawa mali. Nilimwambia kila mteja ukweli wa kila nguo kama kawaida yangu, kisha nikamwonyesha mahali. Yule dada wa Kihaya ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniletea nguo zake mwenyewe, kundi zima, akazitupa mezani bila kuomba radhi na bila kunishukuru. "Chora, halafu shona," akasema. Wakafuata wauzaji wengine. Wakaja wanawake waliokuwa wakipeleka nguo Bukoba kwa meli, wakataka zifumwe kabla ya safari. Wakaja mafundi cherehani na makoti ya wakubwa wa mjini yaliyowashinda. Wale vijana waliocheka nao wakaja, kila mmoja na suruali yake ya Jumapili, na niliwasubirisha makusudi. Mimi si malaika.

Lakini mume wangu nilikuwa sijamweleza vizuri. Niliogopa. Alikuwa akiniona nafuma jioni na kudhani narekebisha za belo langu. Shule zilikaribia kufungwa. Nikamsikia akimwuliza jirani nauli ya Magu, na siku moja nikakuta sanduku limevutwa kutoka uvunguni. Nilijua kwamba mezani mambo yamebadilika, ila sikujua kama kwake yametosha, na ahadi ilikuwa ahadi.

Siku ya mwisho ya muhula nilikuwa na watu wengi. Ilikuwa karibu na Krismasi na kila mtu alitaka nguo yake. Walijipanga kando ya meza ya yule dada, ambaye naye aliwauzia vitu wakiwa wamesimama, kwa sababu yeye haachi kitu kipite bure. Nikainua kichwa kukata uzi, nikamwona mume wangu mbele ya meza, hajanawa vizuri, ameshika kitu kilichokunjwa kwapani. Alikuwa ametoka kibaruani mapema. Aliwatazama wale watu mmoja mmoja, polepole, mpaka wa mwisho. Kisha akakikunjua mezani. Lilikuwa koti lake la kijivu. Mduara wangu wa hasira ulikuwa bado upo kifuani, umefifia, na tundu la panya katikati yake.

"Nataka nilivae nikienda kwa mzee," akasema.

Nikasema sawa. Nikauliza tutaondoka wote lini.

"Wote kwenda wapi? Nakwenda mwenyewe, Jumamosi. Jumapili jioni nimerudi." Akalilaza koti vizuri, akapangusa begani vumbi ambalo halikuwapo. "Nakwenda kumwambia mzee kwamba haturudi. Neno kama hilo siwezi kumwambia baba yangu nikiwa nimevaa tundu."

Yule dada wa Kihaya, ambaye sikio lake lilikuwa meza mbili mbele ya watu wote, akaacha kuuza. Nimemshukuru mara nyingi tangu siku ile, hata baada ya kurudi kwao na kuzikwa huko, na kila nikimshukuru moyoni namsikia akiniambia niache maneno nishone. Nimemshukuru yule mzee wa duka la jumla, na mwalimu wa suruali ya kahawia. Panya wa Mkuyuni nao nimewasamehe. Binti wa dada yangu nilimjibu hivyohivyo: sifa zangu sikuziona mimi, alizitukana mtu mwingine kwanza, sokoni, mbele za watu. Amtafute mtu wa namna hiyo, na akimpata asikasirike mapema.

Lakini siku ile, nikiwa na sindano mkononi na watu wote wananitazama, neno la shukrani sikumpa mume wangu. Nikatoa lililokuwa karibu.

"Baba watoto," nikamwambia, "foleni inaanzia kule nyuma."

Akalichukua koti lake, akaenda kusimama nyuma ya wote.